Noti ya Vita Usiipige Pasi

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Misahafu iliyochoka, leja za maduka ya zamani, vitabu vya sala ambavyo kurasa zake zimebaki kushikana kwa mazoea tu, vyote hupita mezani kwangu hapa Tanga. Noti sikuzitafuta, zilinifuata. Mtu akikuta karatasi kuukuu chini ya sanduku la marehemu, benki humwambia haina thamani, sonara humwambia yeye anashughulika na madini, basi anaelekezwa kwa yule fundi wa karatasi. Ndivyo nilivyoanza kushika rupia za Mjerumani, rupia za Mjapani zilizotoka Burma, lira za Mtaliano kutoka Uhabeshi, na pauni ya Biafra, lile jimbo lililojitenga na Nigeria kwa muda, iliyokuwa imetumika kuwekea alama ndani ya Biblia.

Swali la kwanza huwa bei.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani."

"Nina noti ya Mjerumani hapa. Watu wanasema hii ni mamilioni."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Hao watu nawafahamu. Ndio hao wanaochimba chini ya mibuyu wakitafuta mali za Mjerumani, na ndio wanaozunguka mijini na sarafu za kughushi wakimnong'oneza huyu na yule kwamba kuna Mzungu hotelini anazisubiri. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Noti za vita zilichapwa kwa wingi kwa sababu vita hula pesa, na nyingi zikabaki kwa sababu aliyezichapa alishindwa. Noti iliyolipwa hurudi benki ikachomwa moto. Isiyolipwa hubaki sandukuni. Kwa hiyo zipo chache zenye bei kwelikweli, na zipo nyingi ambazo raha yake ni kuzijua na kuwa nazo. Kutenganisha hizo chache na hizo nyingi kunataka noti inifikie ikiwa kama ilivyokutwa, na hapo ndipo ninapogombana na wateja: wengi huitengeneza kwanza, ndipo wakaniletea.

Mimi huanza na karatasi, maandishi huja baadaye. Maandishi humpoteza mtu kirahisi. Noti za Mjapani za Burma zimeandikwa Kiingereza, na karibu kila aliyeniletea alidhani ni za Mwingereza. Noti za jeshi la Uingereza za mwaka 1943, zile zenye simba aliyesimama juu ya taji na maneno British Military Authority, hazitaji nchi yoyote, kwa kuwa zilitengenezwa zitumike popote jeshi litakapofika, iwe Libya au Ugiriki. Karatasi haina ujanja huo. Inakwambia kama aliyechapa alikuwa na kiwanda au alikuwa anakimbia.

Chukua za kwetu. Benki ya Deutsch-Ostafrikanische Bank ilianzishwa mwaka 1905, na noti zake za kwanza zilichapwa Ujerumani kwa ustadi wa hali ya juu. Ya rupia 5 ina simba wawili, ya 100 ina Kaiser Wilhelm wa Pili katika sare yake. Ukiishika unaisikia: karatasi ina mwili, mistari ni myembamba isiyovurugika. Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Uingereza zikafunga pwani na noti mpya hazikuweza kuja tena. Raia nao wakafanya kile ambacho raia wa kila nchi hufanya wakisikia mizinga, yaani wakaficha rupia za fedha. Zikaingia vyunguni, zikafukiwa uani, sokoni zikaadimika. Serikali huku ina askari na wapagazi wa kulipa, na nafaka ya kununua. Basi mwaka 1915 benki ikaanza kuchapa noti za muda hapahapa, Dar es Salaam, kwenye mitambo ya gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Zinatambulika kwa neno lililo juu yake, Interims-Banknote, na za mwanzo kabisa ni za rupia 20 zenye tarehe 15 Machi 1915.

Tarehe hiyo imenisaidia kumaliza ubishi mwingi. Hapa Tanga kila noti ya Mjerumani husemwa kwamba iliokotwa kwenye mapigano ya Novemba 1914, Waingereza na Wahindi wao walipoteremka pwani wakarudishwa majini. Zile nzuri zenye simba, sawa, huenda. Lakini Interims-Banknote haikuwapo bado. Nimewahi kumwambia hivyo mzee mmoja ambaye hadithi hiyo aliirithi kwa baba yake. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi baba aliipata baadaye," na hadithi ikaendelea kwake bila kutetereka.

Karatasi ya kuchapia noti haikuwapo, ikatumika iliyopatikana maghalani. Ndiyo maana rupia moja ya mwaka 1915 unaweza kuikuta ya kijivu, nyingine ya hudhurungi, nyingine inaelekea rangi ya zeituni. Moja nene, nyingine laini. Mkusanyaji mgeni akiziona mbili haziwiani hudhani mojawapo ni bandia. Kutowiana ndiyo hali yake. Mimi kama fundi nazipenda kuliko zile za simba, maana hapa naona mchapaji mwenzangu akihangaika na alichonacho.

Pitisha kidole upande wa nyuma, taratibu. Herufi za madini ya risasi zilizokandamizwa kwenye karatasi huacha mbonyeo, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona wino umesukumwa pembezoni mwa kila herufi, katikati umepauka kidogo. Fotokopi haibonyezi karatasi. Printa ya siku hizi hujenga herufi kwa vidoto vya rangi mbalimbali, na kioo cha bei ndogo kinatosha kuviona. Kisha chukua daftari uandike tarehe, mahali, herufi ya mfululizo na namba. Angalia saini mbili zilizopo chini kama ziliandikwa kwa mkono au zilichapwa, maana zote zipo na wakusanyaji huzitofautisha. Ukiwa na hayo, ndipo utafute namba yake katika orodha ya kimataifa ambayo wakusanyaji hutumia, ile ya namba za Pick, iliyopewa jina la Albert Pick, mkusanyaji wa Kijerumani. Bila hayo, kuuliza bei ni kupoteza pumzi.

Tarehe na mahali hukuonyesha pia vita vilikuwa vimefika wapi. Za mwaka 1915 nyingi husoma Daressalam. Baadaye Tabora inatajwa, kwa kuwa utawala ulihamia bara ukifuata reli. Dar es Salaam iliingia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916, na Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji tarehe 19 mwezi huohuo. Kabla ya hapo Tabora ilikuwa hata imegonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo ndiyo hasa watu wa mali za Mjerumani huiota usiku. Baada ya Tabora kuanguka, Wajerumani walikuwa msituni na hawana mtambo wa kuchapia. Noti zenye tarehe za mwaka 1917, kama zile za tarehe 1 Julai, zilipigwa kwa herufi za mpira, na wakusanyaji wanaziita noti za porini. Ziko ovyo kwa kuzitazama: mistari imepinda, wino umejaa hapa na umekosekana pale. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, karatasi hizo zilikuwa zimeshabaki bila mlipaji.

Kwa kuwa zilitengenezwa kwa mihuri ya mpira, za porini ndizo nazitilia shaka kwanza, maana hata mtoto wa shule anaweza kujaribu kuigiza. Hapa nina chombo ambacho nilikipata bila gharama: wakala wa pesa za simu jirani yangu ana kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti. Karatasi nyingi za viwandani za siku hizi hutiwa kemikali ya kung'arisha, na chini ya mwanga huo huwaka buluu nyeupe. Karatasi ya mwaka 1917 haina kemikali hiyo, kwa hiyo hutulia, ina rangi mfu. Noti ya porini inayowaka gizani ni ya juzi. Ila kuna tahadhari, na inarudi palepale pa ugomvi wangu: sabuni nyingi za unga za kufulia zina kemikali hiyohiyo. Mtu akiiosha noti halali kwa sabuni ya unga ili ing'ae, nayo huwaka. Nilipata kuona rupia tano ya aina hiyo. Mbonyeo wa herufi ulikuwa umelala, karatasi imelegea, na inang'aa chini ya taa. Huenda ilikuwa halali. Mimi sikuweza kumthibitishia mwenyewe, na mnunuzi yeyote makini angeikataa.

Za Burma zililetwa na mama mmoja wa makamo kutoka Muheza, kwenye mkebe wa bati wa sigara ambao kifuniko kilikuwa kimeshikwa na kutu. Baba yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu. Nilimwita Mama, yeye akaniita kaka, tukanywa chai kwanza kwa sababu mkebe wenyewe ulihitaji muda.

"Kaka, hizi marehemu alikuwa akisema ni za vita vya Mjapani. Kwa nini zina Kizungu?"

Ni swali la haki kabisa. Mjapani alipoingia kusini mashariki mwa Asia mwishoni mwa 1941 na mwaka 1942 alikuja na noti zake, na kwa kila nchi aliandika kwa fedha na lugha iliyozoeleka pale. Malaya zikawa dola, Burma rupia, Ufilipino peso, na visiwa vya Mholanzi gulden zilizoandikwa Kiholanzi. Juu ya zile za Kiingereza husomeka The Japanese Government, pembeni pana mhuri mwekundu wa herufi za Kijapani. Anayeshika moja kwa mara ya kwanza atapotea, lakini kuna ufunguo mwepesi sana: herufi. Tafuta herufi za mfululizo zilizochapwa kwa rangi nyekundu au nyeusi. Ya kwanza ikiwa B ni Burma, M ni Malaya, P ni Ufilipino, O ni visiwa vya Pasifiki, na S ni visiwa vya Mholanzi, Indonesia ya leo. Nyingi hazina namba kabisa, herufi tu. Nchi iliyoacha kuhesabu noti zake imeshakueleza ilikusudia kuchapa kiasi gani. Za Malaya za mwanzo zilikuwa na namba, na ndizo zinazotafutwa. Ile ya dola 10 ina mgomba, hata wenyeji wakaziita pesa za ndizi.

Za mama wa Muheza zote zilianza na B, za rupia 1, 5 na 10, zenye picha ya hekalu. Zilikuwa na madoa ya maji ya zamani, yale yenye ukingo wa hudhurungi. Mama aliniomba niyaondoe. Nikamuuliza baba yake alipigana wapi hasa. Hakujua jina, alijua tu mvua: mzee alikuwa akisema hajawahi kuona mvua ya namna ile, na kwamba nyumbu wa kubebea mizigo walizama kwenye tope. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliokuwa na alama ya mnyama kifaru kwenye mabega yao, walishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni, wakafika mto Chindwin mwisho wa mwaka. Walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Siwezi kuapa kwamba madoa yale ni ya Kabaw. Yanaweza kuwa ya paa la nyumba lililovuja Muheza. Lakini nikiyafuta sitajua mimi wala atakayekuja baadaye. Nikamwambia Mama, sifuti.

Kibei, rupia hizo ni za kawaida mno. Waingereza waliporudi Burma hawakuzitambua, zikabaki karatasi, na askari wa mataifa yote wakazibeba kwao kama kumbukumbu. Zimejaa Uingereza, Marekani, India. Huko Ufilipino chama cha waliokuwa na noti hizo kiliwahi kuzikusanya na kuzigonga mhuri wa JAPWANCAP kwa matumaini ya kudai zilipwe, na hazikulipwa. Mkebe wa Muheza sokoni ungempa Mama pesa ya nauli na chakula cha siku chache. Nilimwambia wazi. Akasema hakuja kuuza.

Nyinginezo nazipitia haraka. Marki za jeshi la Washirika zilizochapwa kwa ajili ya Ujerumani mwaka 1944: tazama namba, ikianza na kistari imechapwa na Warusi, ambao Wamarekani waliwapa sahani za kuchapia na baadaye wakajutia, kwa sababu hakuna aliyejua Warusi wamechapa ngapi. Dola ya Marekani yenye neno HAWAII mgongoni na mhuri wa hudhurungi ni ya mwaka 1942, na sababu yake ni ya kijanja: visiwa vingetekwa, noti zote zenye neno hilo zingefutwa kwa tangazo moja. Lira zenye maandishi Serie Speciale Africa Orientale Italiana ni za mwaka 1938 na 1939, na Keya waliorudi kutoka Uhabeshi na Somalia walizileta. Usishangae pia kuambiwa kwamba mzee fulani alitumia shilingi yetu Addis Ababa. Ni kweli. Shilingi ya Afrika Mashariki ilizunguka Uhabeshi kuanzia 1941 mpaka Wahabeshi walipotoa dola yao mwaka 1945. Ipo hata shilingi moja ya karatasi ya mwaka 1943, yenye Mfalme George wa Sita, ambayo vijana wengi hawaamini ilikuwapo. Noti za Katanga, jimbo la Kongo lililojitenga chini ya Tshombe, za mwaka 1960 na kuendelea, huja mara chache na wasafiri wa Lubumbashi.

Na ile ya Biafra. Mwenye Biblia alikuwa padri mstaafu. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na yeye alikuwa kijana wakati huo, akapewa noti hiyo na mwanafunzi mwenzake Mnaijeria. Pauni za Biafra zilibaki nyingi mno, nyingine hazijawahi hata kukunjwa. Yake ilikuwa imekunjwa mara moja, na upande mmoja umepauka kwa kukaa nje ya kitabu. Mwanga ule wa dirishani, miaka na miaka, ulikuwa umefanya kazi ambayo vita havikufanya.

Sasa utunzaji. Hapa pwani adui wa kwanza ni hewa yenyewe. Ukungu hupata nguvu unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hivi, na sisi tunaishi juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, masika usiseme. Kinachotakiwa ni asilimia 40 hadi 50, bila kupandapanda na kushuka. Huwezi kukausha nyumba nzima, lakini unaweza kukausha boksi. Mimi hutumia boksi la chakula la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, ndani naweka silika jeli, yale mapakiti madogo yanayokuja na viatu vipya, ila nanunua ya chembe zinazobadilika rangi ili nijue zimejaa maji lini. Zikijaa, nazirudisha jikoni, tanuri la moto mdogo, zinakauka na kutumika tena. Kipima unyevu kidogo cha dijitali nacho kinakaa ndani. Boksi halikai sakafuni wala halitegemei ukuta wa nje, kwa sababu mchwa hawabishi hodi.

Plastiki sio zote ni ndugu. Geuza boksi utazame pembetatu chini: namba 5 inafaa, namba 1 inafaa, namba 3 ni PVC na hiyo isikaribie noti. Albamu nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani, zenye mifuko laini inayonukia upya, ni PVC. Baada ya miaka huanza kutoa kitu chenye mafuta, noti inanata, rangi inahama kwenda kwenye plastiki, na harufu yake kali huijua mtu yeyote aliyefungua albamu ya picha za harusi za zamani. Mifuko bora ni ya poliesta safi, ile inayojulikana kwa jina la Mylar, ngumu kidogo na haina harufu. Hapa mjini haipatikani kirahisi. Mimi huagiza kwa jamaa wanaosafiri. Asiyeweza, akunje bahasha kwa karatasi isiyo na asidi, karatasi nzuri ya kumbukumbu, aweke noti ikiwa imenyooka bila kuikunja. Gazeti hapana kabisa, lina asidi, litaiunguza noti polepole na kuiachia kivuli cha hudhurungi. Maelezo yaandikwe nje ya mfuko kwa penseli, tena kabla noti haijaingia, la sivyo mkandamizo wa penseli utahamia kwenye noti.

Kuna mambo ambayo kila mwenye huruma na noti huyafanya. Selotepu kwenye mpasuko: gundi huingia ndani ya nyuzi za karatasi, inakuwa ya njano, na mimi mwenyewe kwa vifaa vyangu vyote siwezi kuitoa bila kuacha kovu. Mpasuko ukibaki mpasuko, noti imepoteza kidogo. Ukipigwa selotepu imepoteza sana. Laminesheni ndiyo mbaya kuliko zote, maana haina kurudi nyuma. Duka la fotokopi litakufanyia kwa bei ya soda, utatoka umefurahi, na noti yako imezikwa hai. Pasi nayo: watu huona mikunjo wakaona aibu kuileta hivyo, wakaipiga pasi juu ya kitambaa. Pasi inalaza mbonyeo wa herufi, ule ule ninaoutafuta kwa kidole, na inaikausha karatasi mpaka inakuwa dhaifu. Mkunjo ni sehemu ya historia ya noti. Wa katikati unaonyesha ilikaa mfukoni. Mikunjo midogo mingi inaonyesha ilifichwa, labda kwenye mshono wa nguo. Matundu ya pini yenye kutu yanaonyesha karani aliifunga na wenzake. Pini yenyewe, kama bado ipo, hiyo itolewe, taratibu, kwa sababu kutu inaendelea kula.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, siviweki. Vinazuia mende kweli, lakini vinalainisha baadhi ya plastiki na harufu yake haitoki, wala si nzuri kwa mapafu ya mtu anayefungua boksi. Mende na wadudu wa vitabu hufuata chakula, yaani gundi ya unga, mafuta ya mikono, makombo. Mikono safi iliyokauka, meza isiyo na chai, na kufungua boksi kila baada ya muda kukagua, vinatosha zaidi ya dawa. Noti inayoletwa na wadudu au mayai yake naifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, inakaa kwenye friza wiki kadhaa, kisha inatoka na kuachwa irudi joto la kawaida ikiwa bado imefungwa, isije ikapata umande. Mke wangu ameshazoea, ingawa alikataa katakata isikae karibu na samaki.

Yenye ukungu mkavu napeleka uani, nimevaa barakoa, napangusa kwa brashi laini ya rangi kuelekea upande mmoja, bila kusugua. Ukungu ulio mbichi haupanguswi, unakaushwa kwanza. Doa linalobaki baada ya hapo linaachwa.

Mkebe wa Muheza sikuurudishia noti. Bati lenye kutu halifai, ila nalo tulilihifadhi, kando. Noti ziliingia kwenye mifuko ya poliesta, kila moja na kipande cha karatasi chake: herufi, thamani, madoa yako wapi, mikunjo mingapi. Ikabaki sehemu ya asili yake, na hapo kaka yake Mama, aliyekuwa amemsindikiza safari hii, akaingilia. Yeye alisikia kwa baba yao kwamba noti zilitoka kwenye mkoba wa Mjapani aliyekufa njiani. Mama alisikia, kwa baba huyohuyo, kwamba alipewa na mwanamke wa Kiburma aliyempa chumvi. Walibishana kidogo, kwa heshima, mkubwa na mdogo wake. Wakaniomba mimi niamue ipi niandike. Nikaandika zote mbili, na jina la aliyesimulia kila moja, na tarehe ya siku ile.